Sura ya Nne: Watoto Wenye Adabu

Dereva alikiri kabla hajasalimiwa.

"Ni mimi," alisema, kofia mkononi, mguu mmoja bado uko nje ya mlango. "Aliyetia maji ni mimi. Andika, afande, tumalize."

Inspekta Kobe alikuwa hajafungua hata daftari. Mkono huu kikombe cha chai, mkono ule kalamu, na kiti chenyewe cha ofisi ya watu hapo kiwandani alikuwa bado anakitafutia mgongo wake. Kwa miaka ishirini na sita ya upelelezi ameshaona watu wakikana shati la wizi huku wamelivaa. Lakini mtu wa kukiri akiwa mlangoni, saa mbili na robo asubuhi, huyo alikuwa mgeni. Na mgeni hupewa kiti.

"Shikamoo, mzee," alisema.

"Marahaba. Ni mimi."

"Nimesikia. Kaa kwanza. Kukiri hakukimbii."

Jina la Kobe alipewa na wenzake kituoni kwa sababu ya mwendo wake, na wala hakulikasirikia. Alikuwa mama wa makamo, mwili umejaa, viatu vya kamba visivyojua haraka. Wenzake walikuwa na desturi ya kufika kwanza kwenye tukio. Yeye alifika wakati wenzake wameshakamata mtu asiye na hatia, akaanza upya.

Mzee aliyekaa mbele yake alikuwa na umri wa miaka sitini na kidogo, mabega mapana, masikio makubwa ya kumchekesha mtoto. Pale kiwandani walimwita Breki. Walisema hufunga breki hata kwa kuku ambaye bado anajishauri kama avuke au asivuke. Kila Alhamisi alipakia mapipa sita garini na kuyapeleka kwenye kiwanda cha spiriti, kilomita arobaini, na kwa miezi minne sasa kilichomo kwenye mapipa yale kilikuwa kikifika kimedhoofika, wiki hadi wiki. Kila mtu alisema kimetiwa maji njiani. Njiani kulikuwa na Breki peke yake.

"Ulitia maji mapipa mangapi?"

"Yote."

"Maji ya wapi?"

"Ya mtoni."

"Mto upi?"

Breki alitazama dari, mto haukuwepo. "Ule wa njiani."

"Jana nilipita njia hiyo mwanzo hadi mwisho. Kuna madaraja mawili, na chini ya yote mawili kuna mchanga na mbuzi."

"Basi ya bombani."

"Haya. Na sili je? Kila pipa lina sili ya waya yenye namba. Kule zinafika nzima."

"Nilizikata."

"Ukaziunga na nini?"

Mzee alizungusha kofia mkononi. "Gundi."

"Waya, ukauunga kwa gundi."

"Ni gundi nzuri sana, afande."

Kobe alikunywa chai ili asicheke. Kuna waongo wanaoudhi na kuna waongo ambao ungependa kuwafundisha kazi, kwa huruma tu. Huyu hakuwahi kusema uongo maishani, na alikuwa ameanzia pagumu.

"Kilomita arobaini za lami unatumia saa mbili na nusu. Kwa nini?"

"Naendesha taratibu."

"Zamani ulitumia saa moja."

"Basi si ndiyo hapo?" Breki alichangamka, kama mtu aliyeokotewa neno. "Ndio muda niliokuwa natia maji!"

"Mzee wangu, nisikilize. Bosi wako anataka nikuondoe hapa leo kabla ya saa kumi. Hii si adhabu ya shule. Ni pingu, ni mahabusu, ni kulala sakafuni na magoti yako hayo. Unaelewa unachokiri?"

"Naelewa."

"Una mke?"

Hapo ndipo aliponyanyua uso vizuri kwa mara ya kwanza. "Mke wangu hahusiki. Hilo liandike. Liandike la kwanza kabisa, juu ya yote."

Kobe akafungua daftari, akaandika neno moja: *Mke*. Akalipigia mstari.

---

Bosi alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, shati limepigwa pasi hadi linaogopesha, simu haimtoki mkononi. Alimzungusha Inspekta uani kwa hatua ndefu, akawa kila mara anasimama kumngoja. Hapa lundo la magunzi ya mahindi. Pale makapi ya miwa. Kule vipande vya maboksi vilivyotupwa na kiwanda cha jirani, vimelowa na kuvimba. Vitu vyote hivi watu walikuwa wakivichoma moto, alisema, na moshi ukawaua vifua.

"Sisi tunavichemsha, tunavipandia kuvu. Kuvu ikikua inatoa kitu kinaitwa kimeng'enya. Tunaikamua, tunachuja, tunapata maji ya rangi ya chai. Ukiyamwaga maji hayo kwenye tani za makapi, makapi yanageuka sukari. Sukari inachachushwa, inakuwa spiriti. Spiriti inaendesha magari, inawasha majiko. Takataka, Inspekta! Takataka inaendesha gari!"

Aliposema hivyo uso wake ulifunguka, na Kobe akampenda kidogo. Kisha simu ikalia, uso ukajifunga.

"Ni wao," alisema alipomaliza. "Mzigo wa leo ukipimwa dhaifu, hawatuhitaji tena. Hapa tuko watu ishirini na watatu. Sasa mtu amekiri, na wewe unanywa chai. Unangoja nini?"

"Namngoja anayesema kweli," Kobe alisema. "Nionyeshe vipimo."

Maabara ilikuwa chumba kimoja kisafi, chenye beseni la maji ya moto la umeme, rafu za chupa, na friji lililogeuzwa kabati la madaftari. Mkemia alikuwa mwanamke mwembamba, koti jeupe, macho ya mtu anayelala na hesabu. Alimvutia Inspekta kigoda, akamweleza kwa ufupi kama anayempa dawa.

"Hiki ni kipande cha karatasi ya kuchujia. Karatasi ni ndugu wa makapi, zote zimetokana na mimea. Natia kipande kwenye chupa, natia maji yetu, naweka kwenye beseni nyuzi hamsini, saa nzima. Kimeng'enya kikiwa na nguvu, karatasi inaliwa. Kikiwa dhaifu, karatasi inatoka kama ilivyoingia."

Alifungua daftari kubwa. Kila wiki alikuwa amebandika vilivyobaki vya vipande viwili, kushoto kipimo cha hapa, kulia kile walicholetewa kutoka kiwanda cha spiriti. Kushoto, wiki zote kumi na sita, palikuwa na nyuzinyuzi na matope ya karatasi. Kulia, wiki ya kwanza karatasi ilikuwa na matundu. Wiki ya sita imechakaa pembeni tu. Wiki ya kumi na sita ungeweza kuiandikia barua ya posa.

"Hapa inatoka na nguvu," Bosi alisema begani kwa Kobe. "Kule inafika maji. Kati ya hapa na kule kuna nini?"

Kobe alikuwa akitazama upande wa kushoto. "Sampuli hii ya hapa unaichota mwenyewe kwenye pipa?"

"Naletewa," Mkemia alisema. "Mama Trei huniletea chupa kila Alhamisi asubuhi. Yeye ndiye mwenye chumba cha kuvu. Mimi nikiingia mle, vumbi lake linanipanda kifuani, nakohoa siku tatu."

"Mama Trei ni nani?"

Mkemia na Bosi walitazamana.

"Ni mke wa Breki," Bosi alisema.

"Aha." Kobe aligeuza ukurasa. "Na miezi minne iliyopita kulitokea nini hapa? Chochote. Hata kama ni kikombe kilivunjika."

Mkemia alifikiri. "Friji lilikufa. Mbegu zetu za kuvu zilikuwa humo, kwenye vichupa. Zikaoza zote. Tukabaki na zile zilizokuwa zinaota kwenye trei tu. Nikamwambia Mama Trei awe anachagua mbegu mwenyewe, trei za wiki hii zipandie za wiki ijayo. Ni mkulima yule, ana jicho kunishinda."

Kobe aliandika. Akaandika tena. Bosi alipochungulia, aliona ni picha ya friji.

---

Chumba cha kuvu kilikuwa na joto la kwapani na harufu ya ghala la nafaka baada ya mvua. Mlangoni Inspekta aliamriwa avue viatu, anawe mikono hadi viwikoni, afunge nywele. Aliyeamuru alikuwa bibi mfupi, kilemba cheupe, mikono mikubwa ya jembe, birika la bati mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kucha pia. Hapo chini ya kucha ndipo wachafu wanapojificha. Mgeni hanawi vizuri, watoto wangu wanaugua, halafu lawama nani?"

Trei arobaini zilipangwa kwenye rafu, kila moja imefunikwa kitambaa cheupe cha pamba. Mama Trei alikuwa akipita, anafunua, ananyunyiza maji kidogo, anafunika, na kila alipofunua alisema neno. Huyu alisifiwa. Yule aliulizwa kama amelala salama. Kobe alimfuata nyuma polepole, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuna aliyemharakisha.

Alitamani asiseme alichokuja kusema. Lakini kazi ni kazi.

"Mama, mumeo amekiri."

Birika lilisimama hewani. "Amekiri nini?"

"Kutia maji kwenye mapipa."

Mama Trei aliweka birika chini kwa uangalifu mkubwa, kama lina yai ndani. Alijifuta mikono. Akainua kidevu.

"Mwongo huyo. Ni mimi."

"Wewe?"

"Mimi. Nilitia mwenyewe. Yeye hajui kitu, ni mwanamume tu."

"Maji ya wapi?"

"Ya birika hili."

"Mengi kiasi gani?"

"Mabirika mawili."

"Mapipa sita, kila moja lita mia mbili."

"Nilitia mara nyingi!"

"Mama yangu," Kobe alisema, "sasa nina watu wawili waliokiri, na maji yote niliyoonyeshwa hayatoshi chai ya kituo. Birika hili ni la nini?"

"La kuwanywesha hawa. Wakikauka wanakufa. Maagizo yale pale ukutani, ameandika Mkemia. Asubuhi vikombe viwili kila trei, jioni viwili."

Kobe alikwenda kusoma. Kweli, vikombe viwili, mwandiko uleule wa daftari la vipimo. "Mumeo aliwahi kukukuta ukiwanywesha?"

"Miezi miwili iliyopita. Alileta chakula changu nilichosahau nyumbani. Akaniona, akaniachia bakuli mlangoni, akaondoka kimya kama aliyekutana na jini. Tangu siku hiyo ananiangalia kwa huruma, sijui nimefiwa na nani."

"Na wewe je, kwa nini ulidhani ni yeye?"

Kidevu kilishuka. "Anachelewa. Alhamisi anachelewa mpaka chakula kinapoa, nikimuuliza anacheka tu. Nikasikia mapipa yanafika yametiwa maji. Nifikirie nini, mwanangu? Ni mtu mzuri. Lakini hata mtu mzuri shetani humpitia."

Basi hayo ndiyo yaliyokuwa mbele ya Inspekta: mume aliyeona birika, mke aliyeona chakula kimepoa, na kila mmoja ameshajitwika kosa la mwenzake bila kuuliza. Kobe alikuwa mjane wa mwaka wa tisa. Alisimama kidogo akitazama trei, kwa sababu macho yalimchoma na hakutaka afande aonekane analia kwenye chumba cha kuvu.

"Nionyeshe watoto," alisema.

Mama Trei hakuhitaji kuombwa mara mbili. Alifunua trei ya katikati, na Kobe akaona kijani cha kupendeza, kimejaa ukingo hadi ukingo, laini kama zulia jipya.

"Mwangalie huyu! Mbegu ya wiki ijayo inatoka kwake."

"Unachaguaje?"

"Kama mahindi. Ukivuna, suke lililojaa, zuri, unalitundika jikoni juu ya moshi. Ndilo mbegu. Lenye mapengo unachoma unatafuna. Kila wiki nachukua wa kijani kuliko wote. Ungekuja miezi minne iliyopita ungeona aibu. Sasa wote hivi."

"Wote?"

"Isipokuwa yule."

Kwenye rafu ya chini kabisa, pembeni, kulikuwa na trei moja iliyosogezwa mbali na wenzake. Kobe aliinama kwa taabu, akafunua. Haikuwa na sura kweli. Rangi ya uji uliolala, mabaka ya manjano, kijani kidogo hapa na pale kama ndevu za kijana. Na kitambaa kilibaki mkononi mwake kipande kimoja, kingine kikabaki kwenye trei. Kilikuwa kimechanika kwa kushikwa tu.

"Samahani, mama, nimeharibu."

"Si wewe, ni yeye huyo mkorofi. Anakula vitambaa! Namfunika kipya, wiki haijaisha kimeoza. Wa namna hiyo walikuwa nusu ya chumba, afande, ilikuwa kila mara naomba vitambaa stoo hadi wananichukia. Nimewaondoa mmoja mmoja. Hawa wazuri hawagusi kitambaa. Hiki hapa kina miezi mitatu, kizima. Watoto wenye adabu."

Kobe alikivuta kitambaa cha trei ya kijani kwa mikono miwili. Kilikuwa kigumu. Ungekishonea foronya.

"Hiki ni pamba tupu?"

"Pamba tupu."

"Pamba nayo inatoka kwenye mmea," Kobe alisema taratibu, kama anayejisomea. "Ni ndugu wa karatasi. Ni ndugu wa makapi."

"Ndiyo," Mama Trei alisema, asijue anakubali nini.

"Mama, ile chupa ya Mkemia ya kila Alhamisi. Unaijaza kutoka trei ipi?"

Bibi alicheka kwa kuona haya, akaziba mdomo. "Usimwambie. Kutoka kwa mkorofi. Ile si inakwenda kuchemshwa na kumwagwa? Nichukue jasho la mtoto mzuri likamwagwe? Wazuri wanakwenda kwenye mapipa wote, huyu anakwenda maabara. Kinachobaki natupa kwenye lundo la uani."

Kobe aligeuza ndoo tupu, akaikalia. Alikuwa ameshapata jibu lake, na angelipa chochote liwe jibu jingine.

---

Hakusema kitu mpaka lithibitike. Mkemia alifunga kitambaa puani, akaingia chumba cha kuvu kwa mara ya kwanza baada ya miezi minne, akachota mwenyewe: chupa moja kutoka trei ya kijani iliyosifiwa kuliko zote, chupa moja kutoka kwa mkorofi. Kipande cha karatasi huku, kipande kule. Beseni, nyuzi hamsini. Saa ya ukutani ilikuwa nane na dakika tano.

Breki aliletwa akakaa kwenye benchi la nje ya maabara. Mama Trei naye aliletwa. Alikaa mwisho wa pili wa benchi, akamtazama mumewe, akatazama viatu vyake. Baada ya muda yule mzee alisogea kidogo. Baada ya muda mwingine alisogea tena. Ilipofika saa tisa kasorobo walikuwa bega kwa bega.

"Mzee," Kobe alisema kutoka mlangoni, "sasa niambie kweli. Kwa nini unaendesha taratibu?"

Breki alitazama huku na huku. "Walisema maji yanafika yamechoka. Kabla sijaona... kabla sijajua mambo mengine, nilifikiri labda ni mitikisiko. Nikasema nipunguze mwendo. Nikawa naendesha kama nimebeba mtoto mchanga."

"Hukuniambia," Mama Trei alisema.

"Ungenicheka."

"Ningekucheka sana."

Saa tisa na dakika tano Mkemia alitoa chupa. Wote waliingia. Kwenye chupa ya mkorofi karatasi haikuwepo tena, ilikuwa ukungu mweupe chini ya maji. Kwenye chupa ya kijani kipande kilielea kizima, pembe nne, hata alama ya penseli ya Mkemia ilisomeka.

Mkemia alielewa kabla ya wengine. Aliegemea meza.

"Kwa hiyo mwizi ni nani?" Bosi aliuliza.

"Hakuna mwizi," Kobe alisema. "Hakuna aliyetia maji popote. Mapipa yanaondoka hapa yakiwa dhaifu tayari." Alimgeukia Mama Trei, na akaongea naye peke yake, kwa sauti ya chini, kana kwamba wengine wamekwenda zao. "Mama, hawa wakorofi ndio waliokuwa wanafanya kazi. Kazi yao ni kula. Wanakula kitambaa kwa sababu wanajua kula makapi. Wazuri hawali kitambaa, na makapi pia hawali. Wameota tu, wakapendeza. Wewe kila wiki ulichukua mbegu ya wanaopendeza, ukawatupa wanaokula. Na maabara ikawa inapima wale uliokuwa unawatupa. Ndiyo maana hapa karatasi ililiwa na kule haikuliwa."

Mama Trei alitazama chupa moja. Akatazama ya pili. Mikono yake ile mikubwa ilitafuta mahali pa kukaa, isipaone.

"Nimewaua," alisema. "Nimewaua mwenyewe, nikaja kuwasifia hawa."

Breki alimshika kiwiko.

Kijana wa shati la pasi naye hofu ilikuwa imemkaba miezi minne, na hofu ikitoka huwa haichagui njia. "Basi ni yeye!" alisema. "Watu ishirini na watatu, na mtu mmoja... Aondoke. Leo hii aondoke."

"Kabla hajaondoka yeye, nianze mimi," Mkemia alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikuyumba. "Mimi ndiye niliyemwambia achague kwa jicho, sikumwambia jicho liangalie nini. Mimi ndiye niliyekaa humu nikiletewa chupa kwa sababu ya kikohozi. Andika, Inspekta."

"Leo nimeandikishwa sana," Kobe alisema. "Na friji je, Bosi? Tangu lilipokufa, nani aliombwa alitengeneze?"

Bosi alitazama simu yake, ambayo haikuwa imelia. Kisha akaitia mfukoni, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona, akavuta kigoda akakaa kama mtoto aliyechoka.

"Barua iko mezani kwangu," alisema. "Mama, nisamehe. Kaa. Usiondoke."

Ndipo Mkemia alipochukua simu ya ukutani, akapiga kiwanda cha spiriti, akawaeleza kila kitu bila kuficha, hata kikohozi. Aliomba wiki tatu. Alisikiliza, akafunga macho, akashukuru.

"Wametupa wiki mbili," alisema. "Trei moja ya mkorofi inatosha kupandia arobaini, na kuvu inataka siku tano. Tunaweza. Lakini hawa wa kijani hawawezi kubaki naye chumba kimoja. Vumbi lao litamwingilia, turudi palepale. Lazima wachemshwe. Leo."

"Wote?" Mama Trei aliuliza.

"Wote thelathini na tisa, mama."

Bosi alisema ataita vijana wa uani. Mama Trei alitikisa kichwa, akajifunga kilemba upya.

"Asiwaguse mtu," alisema. "Nitawatoa mwenyewe."

Pipa la mvuke lilikuwa nyuma ya chumba, kubwa, la chuma, mfuniko wa kuinua. Alianza na rafu ya juu. Alifunua kila trei, akaitazama, akaimimina. Kwenye trei ya nne Breki alivua kofia, akaingia, akanawa hadi viwikoni bila kuambiwa, akashika upande wa pili. Kobe alisimama mlangoni. Kazi yake ilikuwa imekwisha na gari lilikuwa linamngoja, lakini hakwenda.

"Ulidhani ni mimi," Mama Trei alisema, hakumtazama.

"Nilikuona na birika."

"Miaka thelathini na minne, mzee. Ukaniona mwizi kwa birika."

"Na wewe ulidhani ni mimi."

"Wewe ulikuwa unachelewa!"

"Ndiyo."

Walimimina trei nyingine, na nyingine. Kijani kilianguka pipani bila sauti.

"Ungefungwa," mke alisema.

"Na wewe ungefungwa."

"Nani angekupikia?"

"Nani angekuletea bakuli?" Akafikiri. "Tungekuwa tumefungwa wote wawili, mke wangu, na aliyeiba hakuna."

Mama Trei alianza kucheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka, vyote kwa pamoja, na hakuvizuia. Trei ya thelathini na tisa ilikuwa ile ya katikati, nzuri kuliko zote. Aliishika muda mrefu kidogo. Kisha akaimimina, akateremsha mfuniko, akaweka mkono kwenye koki ya mvuke, na mkono ukakataa.

"Fungua wewe," alisema. "Mimi siwezi."

Breki akafungua, akabaki amemshika mkono mpaka pipa likanyamaza.